Jinsi Sababu ya Ugonjwa Itafutwavyo: Habari za Uvimbe wa Taya za Watoto

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, wazee na walimu)



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulitaja lakini wachache hulichunguza, nalo ni sababu ya ugonjwa. Mtoto akiugua nyumbani, swali la kwanza la mama ni, "Amepatwa na nini?" na la pili ni, "Ugonjwa huu umetoka wapi?" Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, maana jibu lake likiwa la uongo, madhara yake hayaishi kwa mgonjwa. Nyote mwajua kwamba wako wajane waliofukuzwa katika nyumba zao, na majirani walioacha kusalimiana, na visima vilivyofukiwa bure, kwa kuwa watu walikwisha kata shauri juu ya sababu kabla ya kuitafuta. Na huku ugonjwa wenyewe ukaendelea kuua watoto, kwa kuwa mwenye hatia hakuguswa.

Basi twataka kueleza jinsi wataalamu wa kuenea kwa magonjwa wanavyoitafuta sababu, na hila wanazozitumia ili wasijidanganye wenyewe. Ili maneno yetu yasiwe matupu, tutafuata habari ya ugonjwa mmoja uliochunguzwa katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, kuanzia Kampala hata Mara.

JOGOO NA ALFAJIRI

Wazee wetu wamesema, "Jogoo awike asiwike, kutakucha." Katika methali hii umo msingi wa elimu tunayoitaja. Kila siku jogoo huwika, na baada yake hukucha. Mtu asiyejua angeweza kuapa kwamba jogoo ndiye aletaye jua. Je, tutamwonyeshaje kosa lake? Tukimwambia amsikilize jogoo siku mia nyingine atazidi kusadiki, maana siku zote mia kutakucha. Njia ni moja tu, nayo ni kumpeleka katika kijiji kisicho na jogoo, aone kama huko hakuchi. Yaani hapana budi kutazama mahali ambapo kitu tunachokishuku hakipo, kama vile tulivyotazama mahali kilipo.

Hali kadhalika katika magonjwa. Tuseme katika kijiji wameugua watu 100, nasi tukawauliza wanateka maji wapi, na 90 wakajibu, "Kisima cha mwembeni." Mwenye haraka atasema kisima kifukiwe. Lakini mwenye busara atauliza, "Na wale wazima hunywa wapi?" Akiuliza wazima 100 akakuta kwamba 90 kati yao nao huteka pale pale, kisima hakina hatia iliyoonekana. Lakini akikuta ni 30 tu, hapo pana neno la kufuatwa. Mtazame kwamba habari za wagonjwa hazikubadilika hata kidogo katika mifano hii miwili. Kilichobadili shauri ni habari za wazima. Mtu achunguzaye wagonjwa peke yao amesikiliza upande mmoja wa kesi, na hapana chifu wa haki atoaye hukumu kwa kusikia upande mmoja.

HATUA YA KWANZA: KUHESABU NA KUCHORA RAMANI

Mwaka 1957 alikuwako katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa kupasua, mtu wa Ireland, jina lake Denis Burkitt. Aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kuume na kushoto. Muda si mrefu baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama nje kwa dirisha, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Daktari huyu hakusema, "Ni bahati mbaya tu." Alianza kufungua madaftari ya hospitali na kutafuta watoto wengine wa namna hiyo, akawapata wengi. Mwaka 1958 akaandika habari zao. Ilitambulikana kwamba uvimbe ule ni saratani, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 4 hata 9, nayo hukua kwa upesi wa kutisha.

Je, ulikuwa ugonjwa mpya? Jibu lilipatikana katika karatasi za zamani. Hospitali ya Mengo iliyoanzishwa mwaka 1897 ilikuwa imehifadhi habari za wagonjwa wake tangu siku za Daktari Albert Cook, na humo yalionekana maelezo ya watoto wenye uvimbe wa namna hii. Basi ugonjwa haukuletwa juzi. Mtazame faida ya daftari lililoandikwa vizuri: lilijibu swali ambalo aliyeliandika hakupata kuulizwa.

Ndipo Burkitt akapeleka vikaratasi vyenye picha za ugonjwa kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza, "Je, mmeuona huu kwenu?" Kisha, mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Msumbiji na nchi nyingine za kusini. Walisafiri majuma 10, wakaenda maili 10,000 hivi, wakafika hospitali zaidi ya 50. Nao waliuliza swali lile lile kila mahali: ugonjwa upo, au haupo?

Tunawaomba mlitie moyoni neno hilo "haupo". Mahali ambapo ugonjwa haukuwapo palikuwa na faida kama mahali ulipokuwapo. Maana ilionekana kwamba katika nchi zilizo karibu na ikweta uvimbe huu hauonekani sana juu ya futi 5,000. Katika nyanda za juu za Kenya, za Rwanda na Burundi, na za kusini-magharibi ya Uganda, ulikuwa haba. Na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huu wa urefu ulivyozidi kushuka. Hapo wakafahamu kwamba shabaha si urefu wa mlima, bali ni joto, maana kadiri uendavyo mbali na ikweta, baridi huanza chini zaidi. Kadhalika mahali pa ukame ugonjwa ulikuwa haba. Joto na mvua pamoja hutukumbusha mdudu gani? Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi huko Entebbe, aliona kwamba ramani ile yafanana na ramani za magonjwa yaletwayo na mbu. Tena Unguja na Pemba, visiwa vya chini na vyenye joto, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe huu ulikuwa haba kuliko ilivyotazamiwa.

Je, kesi imekwisha? La, haijaisha. Ramani hulinganisha nchi na nchi, haimtaji mtu. Watu wa nchi ya joto hutofautiana na watu wa nchi ya baridi kwa mambo mengi zaidi ya mbu: vyakula vyao ni vingine, mimea ni mingine, na kazi ni nyingine. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Kazi ya ramani ni kutuonyesha mahali pa kuchimba, na kuchimba kwenyewe ni kazi nyingine.

HATUA YA PILI: KULINGANISHA WAGONJWA NA WAZIMA

Mwezi wa Machi mwaka 1961 Burkitt alitoa hotuba London. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtaalamu aitwaye Anthony Epstein. Yeye aliomba vipande vya uvimbe, navyo vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatoa habari kwamba wameona ndani yake, kwa hadubini yenye nguvu sana, kirusi ambacho hakikujulikana kabla. Kikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Wengi walidhani kwamba sasa mwivi amekamatwa. Lakini wataalamu wakauliza swali la kisima: na watoto wazima je? Mwili ukipambana na kirusi huacha alama katika damu, nayo hupimika. Walipopima damu za watu wazima wa afya, wakakuta kwamba karibu watu wote duniani huchukua kirusi hiki, na katika nchi zetu watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka 3. Basi kuwa nacho tu hakumtofautishi mgonjwa na mzima. Hata hivyo ilionekana tofauti moja: watoto wenye uvimbe walikuwa na alama nyingi zaidi katika damu yao kuliko wenzao.

Kulinganisha namna hii ni njia ya upesi na ya gharama ndogo, nayo hufaa sana kwa ugonjwa ulio haba. Lakini ina mitego, nasi twataka mwijue. Wa kwanza ni kuchagua wazima. Tukichukua wagonjwa wa kijijini tukawalinganisha na wazima wa mjini, tutakachokiona ni tofauti ya kijiji na mji. Yafaa mzima awe wa umri ule ule, na wa kijiji kile kile. Wa pili ni kumbukumbu. Mama aliyeuguliwa amekesha akiwaza kila kitu alichokula mwanawe, lakini mama wa mtoto mzima hakuwa na haja ya kuwaza. Ukiwauliza wote wawili, wa kwanza atataja mambo mengi, si kwa kuwa yalikuwa mengi, bali kwa kuwa aliyatafuta. Kwa hiyo maswali yawe yale yale kwa wote, na apimaye damu asijue ni ya nani, ili moyo wake usimvute.

Mtego wa tatu ndio mkubwa. Mgonjwa tunamkuta akiwa amekwisha ugua. Basi tujuaje kama alama zile nyingi zilitangulia uvimbe, au uvimbe ndio uliozileta? Mtu akikuta moshi na moto pamoja, hawezi kujua kilichotangulia isipokuwa alikuwapo tangu mwanzo.

HATUA YA TATU: KUWAANDAMA WAZIMA

Ili kujibu swali hilo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon katika Ufaransa, lilifanya kazi ya subira kubwa huko West Nile, Uganda. Kati ya mwaka 1972 na 1974 ilichukuliwa damu ya watoto 42,000 hivi, wenye umri usiozidi miaka 8, wote wakiwa hawana uvimbe. Damu hiyo ikawekwa katika baridi. Kisha wakangoja.

Kwa nini watoto wengi kiasi hicho? Kwa kuwa ugonjwa huu ni haba. Anayetaka kuona jambo ambalo huwapata watoto wachache tu katika elfu nyingi, hana budi kuanza na maelfu. Hata taarifa ilipotolewa mwaka 1978, kati ya watoto wale wote walikuwa wameonekana 14 waliopata uvimbe. Ndipo damu yao ya zamani, iliyochukuliwa walipokuwa wazima, ikatolewa na kulinganishwa na ya watoto wenzao wa umri ule ule na mahali pale pale ambao hawakuugua. Ikaonekana wazi kwamba alama nyingi za kirusi zilikuwamo tangu zamani, kabla uvimbe haujaanza. Na wale waliokuwa na alama nyingi kupita kiasi cha kawaida walikuwa katika hatari mara 30 hivi kuliko wenzao. Hivyo ikajulikana kwamba kirusi kilitangulia.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Wazazi wale wa West Nile waliombwa damu ya watoto ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Si vigumu kufikiri jinsi uvumi ulivyoweza kuenea juu ya kazi kama hiyo. Tena maelfu ya watoto wale hawakupata faida yao wenyewe, maana hawangeugua kamwe. Walakini pasipo wao wale 14 wasingetufundisha neno. Kwa hiyo achunguzaye ana deni: hana budi kuwaeleza watu kweli tupu juu ya damu itakakokwenda, kuwaacha huru wasiotaka, na kurudi kuwaambia kilichoonekana.

HATUA YA NNE: KUONDOA KINACHOSHUKIWA

Ikabaki malaria. Hapana mtu mwenye haki ya kumtia mtoto malaria ili aone kama atapata saratani. Lakini yaruhusiwa kuondoa malaria na kutazama kama saratani itapungua. Ndivyo ilivyofanywa North Mara, Tanzania, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wasiotimiza miaka 10 walipopewa dawa ya klorokwini ili kuizuia malaria. Uvimbe ukapungua mpaka ukawa haba kuliko ulivyopata kuandikwa huko, na baada ya kazi kwisha ukapanda tena.

Mwenye haraka atapiga vigelegele. Lakini waliofanya kazi hiyo, katika taarifa yao ya mwaka 1989, walisema kwa hadhari. Maana madaftari yalionyesha kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Tena malaria yenyewe ilipungua mwanzoni tu, kisha ikarudi kama zamani dawa ikiwa bado inagawiwa. Wangaliweza kunyamaza juu ya mambo hayo mawili, na hapana ambaye angalijua. Kusema kwao ndiko kunakotufanya tuyaamini maneno yao mengine.

Siku hizi, ikiwezekana, jaribio hupangwa kwa kura. Vijiji hugawanywa sehemu mbili kwa bahati nasibu, sehemu moja ikapewa kinga na nyingine ikangoja, ili tajiri na maskini, mjuzi na asiyejua, wawe sawasawa pande zote mbili. Huko Kilifi, Kenya, jaribio la vyandarua vyenye dawa lililoanza mwaka 1993 lilipangwa hivyo, na vifo vya watoto wasiotimiza miaka 5 vikapungua karibu theluthi moja mahali palipopewa vyandarua. Kura haipendelei mtu, kwa hiyo ushahidi wake una nguvu.

MAFIGA MATATU

Basi sababu ya uvimbe wa taya ni nini? Chungu hakikai juu ya figa moja. Figa la kwanza ni kirusi kile, kikimpata mtoto akiwa mdogo sana. La pili ni malaria impatayo mara kwa mara, idhoofishayo kinga ya mwili. La tatu ni badiliko litokealo ndani ya chembe yenyewe ya damu, hata ikaanza kuzaana bila mpaka. Likikosekana figa moja, mara nyingi chungu huanguka. Ndiyo sababu watu wengi wana kirusi wasiugue, na watoto wengi hupata malaria wasivimbe. Mwaka 2012 shirika lile la Lyon lilitoa neno juu ya malaria, kwamba mahali inapotawala sana yaelekea kuwa sababu ya saratani hii. Hawakusema "ni hakika", walisema "yaelekea". Walitia katika mizani kila ushahidi, wakasema kadiri ya uzito wake, basi.

NENO LETU KWENU

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya wataalamu, sisi yatuhusu nini?" Yawahusu sana. Huko Kuluva, karibu na Arua, Daktari Williams aliandika kwa miaka mingi kila mtoto aliyeletwa na uvimbe, kwao ni wapi na ugonjwa ulianza lini. Kwa daftari hilo ilionekana, katika taarifa ya mwaka 1967, kwamba watoto waliougua karibu karibu kwa mahali waliugua karibu karibu kwa wakati pia, zaidi ya ilivyo kwa bahati tu. Lakini Daktari Williams alijuaje kijiji na mwezi? Aliambiwa na mama, na baba, na mzee wa kijiji. Uchunguzi wote huanzia katika kinywa cha mtu asemaye kweli na mkono wa mtu aiandikaye.

Kwa hiyo twawaomba machifu na wazee: kila azaliwaye na kila afaye aandikwe, na umri wake, na kijiji chake, na dalili zilizoonekana. Msiandike "amerogwa", wala msiandike "homa" kwa kila kifo, bali andikeni yaliyoonekana kwa macho. Twawaomba walimu: wafundisheni watoto kuuliza swali la pili, yaani "Na wale wazima je?" Swali hilo halihitaji hadubini, na laweza kuuokoa mji usimwonee mtu. Na twawaomba wazazi: mkiona mtoto anavimba taya, au meno yanalegea bila sababu, au jicho linatokeza, au tumbo linavimba kwa haraka, msingoje. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa, na wengi hupona wakiletwa mapema, lakini ukuaji wake huhesabiwa kwa siku, si kwa miaka.

Na pale kijijini, msiba ukitokea na vidole vikaanza kunyooshwa kwa mtu, semeni kama asemavyo hakimu mwema, "Ngojeni kwanza, tusikie na upande wa pili."